Msalaba Kwenye Kitabu cha Mnyongoyo

Mimi ndiye niliyeweka msalaba. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kiwanda chetu cha uchapaji wana tabia ya kusema "ilitokea", kana kwamba msalaba ulitembea kwa miguu yake ukaingia kwenye kitabu cha watoto. Haukutembea. Niliuweka mimi, Karangwa, mpangaji wa kurasa, na nilipomaliza niliuona umependeza.

Lakini habari hii ni ya Pudentienne, si yangu, kwa hiyo nijisogeze pembeni kidogo.

Pudentienne ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko hapa Kigali, karibu na Sonatubes, nyuma ya duka la vipuri, na sijui ni watoto wangapi wa Kicukiro waliopimwa sare na mikono yake. Ana miaka sitini na mmoja. Ni mfupi, na uso wake mpana haupotezi nguvu kwa mambo madogo. Alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho cha mtaani, ndiyo maana mimi na yeye tunazungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mimi nililelewa Ngara, upande wa Tanzania, na Kinyarwanda changu mpaka leo kinawachekesha wauza maziwa. Majirani humwita Mama Christella, kwa jina la binti yake wa pekee aliye muuguzi huko Huye, nami namwita hivyohivyo.

Mume wake, Régis, alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya masista kule Rebero. Kiswahili kwa watoto wetu ni somo la kuogopwa. Ukitaja ngeli tu, darasa zima linashika tama. Mwalimu Régis akagundua kwamba mtoto aliyecheka hasahau, basi akaanza kuwaletea wanyama wasiokuwapo duniani, kila mmoja na shairi lake.

Kazi yenyewe waliifanya wawili, Jumapili baada ya misa. Pudentienne ndiye aliyeanza. Alichukua chaki ya kushonea na zile karatasi za kahawia za kukatia mitindo, akachora mnyama yeyote aliyemjia mkononi, bila hata kutabasamu. Kisha Mwalimu aliichukua karatasi, akazunguka nyumba akijaribu sauti mdomoni, mpaka jina likapatikana. Mke achore, mume abatize. Ndivyo alivyozaliwa Kokowindo, kuku anayetaga vifuniko vya sufuria. Ndivyo alivyozaliwa Bambarapo:

Bambarapo ana vinywa:
kimoja chaomba chai,
cha pili hakitakunywa,
nalo tumbo: Haifai!

Na mkubwa wao wote, Mnyongoyo, ambaye picha yake ilihitaji karatasi nne zilizogundishwa, maana toka Masoro hadi Rebero ni kukatiza mji mzima:

Mnyongoyo kaamka,
kichwa chake ki Masoro,
mkia bado walala
Rebero kwenye godoro.

Mwanangu Gaju alisoma darasa hilo, kwa hiyo niliwahi kumwona Mwalimu akisoma. Kusoma ni neno dogo. Alirefusha shingo mpaka mishipa ikamtoka, alianguka kutoka kwenye kiti, aligombana na mdomo wake mwenyewe kuhusu chai. Watoto walikuwa hoi. Pudentienne siku hiyo alikuwa ameleta sare, amesimama dirishani na furushi lake, anatazama. Nilimwambia, "Mama Christella, wanyama wako wanaua watu kwa kicheko." Akanijibu, "Si mimi. Ni huyo." Akaelekeza kidevu kwa mume wake, akaenda kutafuta wa kumsainia sare zake.

Mwaka jana Sista Cécile, mkuu wa shule, aliamua wanyama hao wachapwe kitabu. Walichagua kumi na wanne. Mwalimu alinakili mashairi yote kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaniletea kiwandani Masoro mwezi wa kwanza ndani ya bahasha ya kahawia. Akaniambia, "Karangwa, ukikosea herufi moja tu nakuandikia mnyama wako." Mwezi wa pili, akiwa anapiga pasi shati la kwendea kazini, alianguka. Moyo. Hakuamka tena.

Kijitabu cha misa ya mazishi nilikipanga mimi. Hiyo ndiyo kazi yetu kubwa, nisikufiche: kadi za harusi, maboksi ya dawa, na vijitabu vya misa za marehemu. Hivi vya mwisho nimepanga vingi mno, vidole vyangu vinavifanya huku kichwa kikifikiria chakula cha mchana. Cha Mwalimu nilikipanga kwa makini. Pudentienne alikuja kukichukua, akanishukuru kwa adabu, akauliza kama mvua itamharibia.

Hakulia. Watu walisema, "Wihangane, vumilia," naye akajibu "Murakoze" yaani asante, kama anayepokea chenji. Siku ya kufunga kilio ilipofika, ndugu walikusanyika kama desturi, wakanywa, wakasema maneno, wakampa ruhusa ya kurudi kazini, naye akarudi kesho yake saa mbili asubuhi. Nilipompitia kibandani nikamuuliza anaendeleaje, alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Sisikii kitu," alisema. "Nakula sababu ni saa ya kula. Christella anapiga simu analia, mimi namwangalia tu kwenye simu. Nasema, huyu mtoto anachoka bure."

Mimi si mtu wa subira. Nilitamani kumtikisa. Badala yake nilimwambia kitabu kitaingia mashineni mwezi wa sita. Akasema sawa, akanyoosha pindo.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Nilipokuwa napanga kurasa, nilifika ukurasa wa kwanza nikaona jina la Régis peke yake, bila kitu. Nikaona aibu. Kwetu marehemu hapiti bila picha. Na picha yake nilikuwa nayo tayari kwenye kompyuta, ile ya tai, niliyoitumia kwenye kijitabu cha misa. Basi nikaiweka. Picha ilipokaa, juu yake kukaonekana patupu, nikaweka msalaba. Msalaba ulipokaa, ukataka mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Nikazungushia ukingo wa zambarau. Chini nikaandika "Pumzika kwa amani, Mwalimu." Ukifunua tu ukurasa huo, unakutana na Mnyongoyo.

Usinicheke peke yangu. Norman, mwendesha mashine, aliuona ukurasa huo akafanya ishara ya msalaba kabla ya kubonyeza kitufe. Meneja aliuona akasema, "Mmefanya vizuri, ni heshima." Kiwanda kizima cha watu wazima, wenye akili zao, na hakuna aliyesema kwamba hiki ni kitabu cha kuchekesha.

Kabla ya uchapaji mteja lazima apitie nakala ya majaribio na kutia saini ya idhini. Pudentienne alikuja siku ya Jumanne. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, akafunua ukurasa mmoja mmoja kwa kidole gumba, taratibu, bila uso kubadilika. Nilisimama pembeni nikingoja aseme kitu.

"Inachekesha?" aliniuliza alipofika mwisho.

"Mama Christella! Wewe si ndiye uliyewachora?"

"Mimi sijui tena. Naangalia hii kuku, naona kuku." Akafunga, akatia saini mahali nilipomwonyesha. "Jumamosi ndiyo kusomea watoto. Sista anasema wakipenda, atapeleka kwa madarasa yote, kila mwaka wasomee hii. Wasipopenda ataweka kwa stoo, ni hivyo tu."

"Atasoma nani?"

"Sista anasema nisome mimi."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na ndipo nilipoelewa uzito wa jambo lenyewe. Mwalimu aliacha nyumba ya kupanga na bahasha ya wanyama. Kama watoto wangecheka, bahasha hiyo ingeishi madarasani miaka mingi. Kama wasingecheka, ingekwenda stoo na madawati mabovu. Na mtu wa kuwachekesha alikuwa huyu, anayeangalia kuku akaona kuku.

Ijumaa mchana, nakala mia mbili zikiwa zimeshonwa na kukatwa, nilikwenda chumba cha kumalizia. Ingrid, mkuu wa kitengo hicho, mwanamke makini kupita kiasi, alikuwa amezifunga ishirini ishirini kwa utepe wa zambarau na kuziweka kwenye rafu ya mazishi.

"Karangwa," akasema kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Kongo, "hii misa iko saa ngapi? Familia itakuja kuchukua, ao tunapeleka kwa kanisa?"

"Misa gani?"

"Hii ya mwalimu. Kalatasi nzuri sana. Lakini huko ndani mumeweka picha za nyama, mimi nikasema labda alikuwa anafuga."

Nikachukua nakala moja kutoka mkononi mwake. Nikafunua. Mwalimu akanitazama akiwa na tai yake, msalaba juu ya kichwa, na kwa mara ya kwanza nikauona ukurasa ule kama mtoto wa miaka kumi atakavyouona. Nilijitukana kwa lugha zote nilizolelewa nazo.

Nilichukua pikipiki mpaka Sonatubes. Dereva alinieleza habari za mpira njia nzima, sikumsikia hata neno. Pudentienne alikuwa anashona kola. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikamwonyesha ukurasa, nikamwambia ninaweza kuukata kwa wembe, nakala zote mia mbili, nikibakiza kijiukanda kidogo kwenye mshono ili ukurasa mwenzake, ulioshonwa nao upande wa pili, usidondoke. Ni kazi ya saa tatu nne. Nitaifanya mwenyewe, sitamsumbua mtu.

Aliutazama ukurasa, akanirudishia kitabu.

"Achana nayo."

"Mama Christella, watoto watafungua watakuta maiti!"

"Wanajua amekufa. Walikuja kwa mazishi, waliimba."

"Ndiyo maana hawatacheka!"

"Basi hawatacheka." Akakanyaga cherehani.

Nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mjane kibandani kwake, mbele ya mteja aliyekuja kupunguza sketi. Nilimwambia kwamba kazi ya mtu ya miaka thelathini inakwenda stoo na yeye anapiga pindo. Kwamba huzuni ni yake lakini kitabu ni cha watoto. Alisubiri nimalize, akakata uzi kwa meno.

"Karangwa, mdogo wangu, umechoka. Enda nyumbani. Kesho saa nne, Rebero."

Nilirudi nikiwa nimevimba kwa hasira. Wembe nilikuwa nao mfukoni, na bado sijui kwa nini sikukata bila ruhusa. Labda kwa sababu saini ilikuwa yake.

Jumamosi saa nne darasa lilijaa. Watoto arobaini na kitu, safi, magoti yamepakwa mafuta, wengi wakiwa kwenye sare zilizotoka kwenye cherehani ya Pudentienne. Sista Cécile aligawa vitabu mwenyewe. Gamba la mbele lilikuwa la njano, na shingo ya Mnyongoyo imelizunguka lote, na nikasikia minong'ono ya furaha. Kisha wakafunua.

Msichana wa mbele alisimama. Jirani yake akamwona, naye akasimama. Wote wakasimama mmoja mmoja, vitabu vimefunguliwa mikononi kama waimba kwaya. Mvulana mmoja, Cyusa, akafanya ishara ya msalaba. Sista, ambaye naye ndiyo kwanza auone ukurasa huo, alinitupia jicho ambalo sitalisahau, kisha akafanya lililobaki kufanywa.

"Wana wangu, tumwombee Mwalimu wetu."

Wakaomba. Baba Yetu moja, Salamu Maria moja. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyuma nikitamani ukuta unimeze. Mtoto mmoja alianza kulia kidogo kidogo. Wakaketi, mikono juu ya madawati, na Pudentienne akasimama mbele yao akiwa na kitenge chake cha kila siku, miwani puani.

Akasoma Mnyongoyo. Alisoma kwa sauti ya kiongozi wa mtaa anayetangaza umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi: hakupandisha, hakushusha, hakuangalia mtu. Kichwa chake ki Masoro. Mkia bado walala. Akawaonyesha picha, kama anayehesabu kimoyomoyo mpaka tatu, akafunua.

Hakuna aliyecheka. Nilijua.

Akasoma mnyama wa pili, hakuna. Akafika kwa Bambarapo. "Kimoja chaomba chai," akatangaza. "Cha pili hakitakunywa." Akaweka miwani sawa. "Nalo tumbo," akasema kwa uzito wa hakimu, "haifai."

Kitu kikatoka puani mwa Cyusa. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akimtazama Sista. Pudentienne akaacha kusoma. Akamwangalia Cyusa juu ya miwani, kwa utulivu, kwa muda mrefu, kama anayemkadiria vipimo. Hakuelewa kilichompata mtoto.

"Nini haifai?" aliuliza.

Darasa likapasuka. Sijui niseme vipi. Walikuwa wamekibana kicheko tangu kwenye Baba Yetu, na kilipotoka kilitoka chote. Na kadiri alivyowashangaa na uso wake ule mpana, ndivyo walivyozidi kuanguka juu ya madawati. Akaendelea kusoma kwa sababu alikuwa hajamaliza. Alipotangaza kwamba kuku Kokowindo ametaga kifuniko cha sufuria namba tano, yule aliyekuwa akilia alikuwa anashika mbavu. Hata Sista aligeukia dirisha, mabega yakitikisika. Hata mimi. Mwalimu alikuwa akituonyesha pa kucheka. Huyu hakutuonyesha popote, na tukacheka kila mahali.

Wakamwomba arudie. Akarudia wote kumi na wanne, vilevile, bila kubadili hata pumzi. Mwishoni Sista Cécile alimshika mikono miwili, akamwambia kitabu kinaingia madarasa yote kuanzia mwezi wa tisa, na kwamba angependa yeye aje kuwasomea kila muhula. Pudentienne akakubali, "Yego, Sista."

Tulitoka tukasimama nje ya uzio kungoja pikipiki. Mimi nilikuwa naruka ruka kama mtu aliyefutiwa kesi.

"Mama Christella, unisamehe kwa ule ukurasa. Lakini umeona? Haukuzuia kitu!"

"Niliuona."

"Eh, leo kila mtu ameuona."

"Oya, hapana. Niliuona Masoro, siku ile natia saini. Uliuweka mbele kabisa, mdogo wangu. Mimi si kipofu."

Nilimgeukia. "Na hukusema?"

"Nilisema, wacha iende hivyo. Watoto wataona msalaba, wataogopa. Na mimi nitasoma vibaya. Nilisoma vibaya?"

"Ulisoma vibaya sana."

"Eh." Alitazama barabara inavyoteremka mlima. Pikipiki moja ilipunguza mwendo, hakuna aliyeinua mkono, ikapita. "Nilitaka wasicheke, Karangwa. Hata mmoja. Wangenyamaza, ningejua kwamba Régis ndiye haiko. Kila mtu angejua. Sasa wamecheka vilevile. Yeye iko, yeye haiko, vilevile tu."

Nikamwona analeta mkono kifuani, pale kitenge kilipofungwa, anapapasa kama mtu aliyepoteza sindano kwenye nguo. Uso wake ukaanza kukunjamana, polepole. Akanishika mkono kwa nguvu za mtu aliyekata vitambaa maisha yake yote.

"Inauma," alisema, kwa mshangao. "Karangwa, inauma hapa."

Mimi ambaye kila wiki napanga maneno ya rambirambi ya watu wengine, nilichompa ni bega tu. Nilibaki nimesimama, mkono wake umenibana, yeye analia kwa sauti sasa, wapita njia wanageuka. Ndani, Sista alikuwa amewaachia watoto vitabu. Dirisha lilikuwa wazi, na tulimsikia mmoja wao akiwasomea wenzake Mnyongoyo, si kwa sauti ya Mwalimu, bali kwa sauti ya Pudentienne, na wenzake wanacheka.